Funda Moja

Siku ile Handan alimwita Haluk "kaka" kila alipopata nafasi, na kila alipomwita hivyo Haluk alikohoa.

Ilikuwa siri yao. Tangu Handan ajue kusema, kijana huyu wa ghorofa ya chini alikuwa "kaka Haluk", kama watoto wote wa jengo lao la Kasımpaşa walivyofunzwa kuwaita waliowatangulia kuzaliwa. Kisha mwaka jana, machipuko kama haya, familia zao mbili zilipokuja bustani hii hii ya Emirgan kutazama tulipu kama zinavyokuja kila Aprili, Handan akamwita "Haluk" bila kaka. Lilimtoka tu. Haluk akasimama katikati ya njia, watu wakimpita kulia na kushoto, akasema, "Hebu rudia." Akarudia. Basi tangu hapo, wakiwa wawili tu, yeye ni Haluk. Mbele ya wazee anarudi kuwa kaka, na Haluk hukohoa ili asicheke.

Leo kikohozi hicho kilikuwa kinapata dawa. Walikwisha kubaliana kwamba wazee wakimaliza chai, Haluk atasema neno lake mbele ya wote. Kwenye buti la gari alikuwa ameficha boksi la chokoleti lenye utepe mwekundu, maana kwao hakuna anayekwenda kuomba binti mikono mitupu. Handan alikuwa na miaka ishirini na minne na hajawahi kuwa na furaha ya namna ile. Mikono aliificha kwenye mifuko ya koti.

"Una baridi?" mama yake, Bi Müzeyyen, akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi toa hiyo mikono uje unisaidie kutandika kitambaa. Umesimama kama bibi harusi anayemsubiri mpiga picha."

Haluk akakohoa.

"Na wewe na kikohozi chako!" akadakia Bi Seher, mama yake Haluk, huku akifunua bakuli la majani ya mzabibu yaliyofungwa wali. "Si nimekwambia uvae fulana ya ndani? Mtu ana miaka ishirini na tisa, anapima barabara za serikali, lakini fulana mpaka avalishwe na mama."

"Njooni muone!" Bwana Kenan, baba yake Handan, alikuwa ameinama mbele ya tuta la tulipu nyekundu zenye kingo za njano, simu mkononi. "Nyekundu na njano, rangi za Galatasaray! Haluk, mwanangu, Mungu mwenyewe ameonyesha timu yake. Angekuwa shabiki wa Fenerbahçe, si angeumba tulipu ya bluu?"

"Bluu ile pale, mzee." Haluk akaonyesha vijiua vidogo vya bluu vilivyopandwa kama mto katikati ya tulipu. "Na tuko wengi kuliko nyie."

"Yale majani yale! Watu wanayakanyaga tu!"

Filimbi ya mlinzi ikalia. Kweli kulikuwa na bibi harusi, ameingiza gauni lake lote katikati ya maua ili apigwe picha, na mlinzi anamwondoa kwa adabu huku bwana harusi akiomba radhi. Kila mtu aligeuka kutazama. Handan hakutazama gauni. Alimtazama Haluk juu ya kichwa cha mama yake, na Haluk naye alikuwa anamtazama yeye, kwa yale macho yake ya kahawia ambayo hayakujua kudanganya hata wazee wakiwapo. Mwakani ni sisi, macho yalisema. Handan akainamia kitambaa haraka, uso umemwaka.

Hakuwa na wasiwasi na wazee. Mama yake alikuwa mkali kama pilipili mbele ya wavulana. Mtoto wa daktari wa meno aliwahi kumbebea Handan begi mpaka mlangoni, akarudi nyumbani kwao amesemwa mpaka masikio yamemwaka. Lakini Haluk? "Kama Haluk anakwenda, nenda." Sinema, na Haluk. Kuchelewa kutoka chuoni, Haluk akamchukue. Boti ya jioni ya kwenda ng'ambo kula samaki, sawa, maadamu Haluk yupo. Mwaka mzima Handan alikuwa akijiambia kwamba mama ameona, ameelewa, na amempa radhi yake bila kuitamka. Alimpenda mama yake zaidi kwa ajili hiyo.

Walikaa. Bi Seher na Bi Müzeyyen walichukua benchi, wengine wakakaa kwenye kitambaa chini ya msonobari. Chai ikamiminwa kwenye bilauri ndogo, mbegu za alizeti zikaanza kupasuliwa. Haluk hakula chochote. Alikunja na kukunjua kitambaa cha mkono, akamtazama Handan mara moja, akajiweka sawa kama mtu anayetaka kusimama.

"Müzeyyen," Bi Seher akasema, akipapasa ubao wa benchi, "unalikumbuka benchi hili?"

"Nitalisahauje?" Bi Müzeyyen akacheka.

"Lina nini, mama mdogo?" Handan akauliza.

"Acha kuniita mama mdogo!" Bi Seher aliinama akampiga kofi la mapenzi begani. "Mimi ni mama yako haswa. Maziwa yangu yamo humo mwilini mwako, wewe usiye na shukrani."

Handan akacheka. Alidhani ni utani, kwa kuwa kwa Bi Seher kila kitu ni utani.

"Anacheka! Ulikuwa kitoto cha miezi mitatu, umeiva kama nyanya kwa kulia. Mama yako ziwa limevimba, homa imempanda, baba yako kampeleka huko chini barabarani kutafuta duka la dawa. Wewe wameniachia mimi. Bibi wee! Ulilia mpaka watu wakaja kuuliza kama nimekuiba. Na mimi wakati huo namnyonyesha Sibel wangu. Nikasema, maziwa ninayo, mtoto ana njaa, sasa nangoja nini? Nikakaa hapa hapa nilipokaa sasa, nikakupa ziwa."

Bwana Kenan aliona haya, akajifanya anapiga picha kindi aliyekuwa juu ya mti.

Handan aliweka bilauri yake chini. Aliiweka vibaya, chai ikamwagika kwenye kitambaa, wala hakuna aliyejali.

"Nikanyonya?"

"Ukanyonya! Funda moja hilo, kubwa, nimelisikia kabisa likishuka. Kisha ukalala pale pale. Nikakutikisa, hutaki la pili. Nikasema huyu hakuwa na njaa, alikuwa na hasira tu. Kama baba yake."

Wanawake wawili wakacheka. Handan alisikia kicheko chao kikitoka mbali, kama redio ya jirani.

"Na mimi nilikuwa wapi?" Haluk aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Handan.

"Wewe si ndiye uliyekuwa pazia langu! Nilikupa shali nikakwambia ulitandaze, unipe mgongo, usigeuke, uhesabu maua mekundu mpaka nikwambie basi. Masikini mwanangu, ulihesabu mpaka ukachanganyikiwa, ukaanza kulia na wewe."

"Nakumbuka maua," Haluk alisema polepole. "Sikujua kwa nini nilikuwa nayahesabu."

"Jioni ile tukamweleza marehemu mama mkwe wangu," akaendelea Bi Müzeyyen, akipasua mbegu kwa meno. "Mnajua alivyokuwa, mtu wa dini. Akasema, hata funda moja linatosha, walionyonya ziwa la mama mmoja ni ndugu na hawaoani. Leo Seher amepata binti wa pili, na Handan amepata kaka na dada. Basi mimi tangu hapo nikalala usingizi wangu. Wavulana wote wa mtaa niliwatolea macho, lakini huyu? Mtu anamchunga binti yake asiwe na kakake?"

"Hamkuwahi kuniambia," Handan alisema.

"Tuache kukwambia vipi? Seher hakukwambia?"

"Mimi?" Bi Seher akashangaa. "Nilijua umemwambia wewe. Wewe ndiye mama."

"Na mimi nilijua umemwambia wewe. Wewe ndiye mwenye ziwa!"

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko mpaka Bi Seher akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Haya, imepita. Kwani kuna kilichoharibika? Si anamwita kaka tangu azaliwe?"

Handan alisimama.

"Naenda kutazama zile nyeupe," alisema.

"Haluk, mfuate dadako," Bi Müzeyyen akasema. "Watu ni wengi leo, asije akapotea."

Tulipu nyeupe zilikuwa ng'ambo ya bwawa, mahali ambapo wazee wangeweza kuwaona wasiweze kuwasikia. Walisimama bega kwa bega wakiyatazama maua, kama wageni wengine wote. Upepo ulipanda kutoka baharini, maua yakalala upande mmoja yakainuka tena.

"Ilikuwa mara moja," Handan akaanza. "Mara moja tu, Haluk. Kuna wanaosema mpaka mara tano ndiyo undugu. Nimesoma mahali."

"Wapo, wa madhehebu mengine. Sisi hatumo katika hao. Umemsikia bibi yako alivyosema."

"Bibi amekufa!"

"Handan, taratibu. Wanatutazama."

Akashusha sauti, lakini midomo ilikuwa inamcheza. "Nilinyonya na Sibel. Sikunyonya na wewe. Wewe ulikuwa umesimama na shali, mtoto wa miaka mitano. Kwa nini nisiwe ndugu yake yeye peke yake?"

"Kwa sababu ziwa ni la mama yangu."

"Msajili wa ndoa haulizi habari za ziwa. Anauliza kitambulisho tu. Tunaingia, tunatia saini, tunatoka."

"Halafu?"

"Halafu tunaishi! Watu wanafanya."

"Halafu siku ya kwanza unamletea mama yangu chai, na yeye anajua. Mama yako anajua." Haluk alikuwa anaongea akiyatazama maua, taya limemkaza. "Nami nikizima taa nitajua. Ningekuwa sijui, Handan, ningekuoa mara kumi. Ningekuoa leo. Lakini sasa nimekwisha sikia. Nitalitoaje sikioni?"

"Basi tuwaambie kwamba tulikuwa hatujui. Wawaulize masheikh, watafute njia."

"Kuna njia gani? Kitakachopatikana ni kimoja tu. Mama atajua kwamba huruma yake ndiyo iliyotukata. Umemwona anavyocheka? Ile ndiyo hadithi anayoipenda kuliko zote. Tukimwambia, hatakaa tena kwenye benchi lile mpaka anakufa."

Handan alijua ni kweli, na kwa kuwa ni kweli akamchukia kwa kuisema.

"Unamhurumia mama yako. Na mimi je? Mimi nani atanihurumia?"

Haluk akageuka sasa, akamtazama. Machozi yalikuwa yamemjaa, hata hakujaribu kuyafuta. "Unadhani nimesimama hapa na moyo wa jiwe? Mwaka mzima nimelala na jina lako, nimeamka nalo. Asubuhi hii nimenyoa ndevu mara mbili. Nimesimama mbele ya kioo nikijifunza namna ya kumwambia baba yako. Na neno lenyewe lililotukataza tulikuwa tunalo mdomoni kila siku, tunalifanyia mzaha. Nikalifanya kikohozi."

Handan akafunika uso kwa viganja. Haluk aliinua mkono, kisha akauacha hewani, hajui aupeleke wapi.

"Unajua la kuchekesha?" akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Sasa hivi naruhusiwa kukushika mkono mbele ya watu wote. Hakuna atakayesema kitu."

"Usinishike."

Akaurudisha mkono mfukoni.

Upande wa pili wa bwawa Bi Seher aliwapungia, akawaonyesha chupa ya chai: njooni, inapoa. Handan alivuta pumzi, akajifuta kwa mkono wa koti.

"Utafanya nini?" aliuliza.

"Kuna ile kazi ya Van. Ile niliyoikataa mwezi uliopita."

Handan alijua aliikataa kwa ajili ya nani. Van iko upande mwingine wa nchi, kunako theluji, na barabara zake hazimaliziki.

"Handan. Kabla hatujarudi. Niite mara moja, jina tu."

Alidhani hataweza. Lakini jina lilitoka lenyewe, kama lilivyotoka mwaka jana, dogo, limelowa.

"Haluk."

"Hebu rudia."

Hakurudia. Alitangulia kuzunguka bwawa, na Haluk akamfuata kwa nyuma, wameachana hatua kadhaa.

Walipofika, Bwana Kenan alikuwa amekwisha kaa sawasawa, simu ameiweka mfukoni. "Haya, Haluk. Asubuhi ulisema una jambo la kutuambia. Chai tumekunywa, masikio yetu yako wazi."

"Na mimi najua ni jambo gani!" Bi Seher alikuwa anang'aa uso mzima. "Usidhani sikuliona boksi la chokoleti kwenye buti, nilipokuwa natoa vyakula. Mwanangu amempata msichana! Nani huyo? Sema, nimtayarishie roho yangu. Handan, wewe unamjua, eti?"

Handan alikaa. Alianza kuokota maganda ya mbegu za alizeti kwenye kitambaa, moja moja.

"Hakuna msichana, mama," Haluk alisema. "Ni habari za kazi. Wanajenga barabara mpya huko Van, wanataka mpimaji. Miaka mitatu. Nilikuwa nimekataa. Sasa nimeamua kwenda."

Uso wa Bi Seher ulipoteza mng'ao taratibu. "Van?"

"Chokoleti ni ya kuwaaga. Ngoja niilete."

Alikwenda garini akarudi na boksi, akampa mama yake kwa mikono miwili, kama ambavyo lingetolewa kwenye posa. Bi Seher alilipakata bila kulifungua. Bi Müzeyyen ndiye aliyefungua utepe, maana hakuweza kuvumilia kimya.

"Tazama utepe mwekundu huu! Na karatasi ya fedha! Jamani, Haluk, utadhani umekuja kuposa." Akacheka peke yake, akapitisha boksi. "Kenan, chukua. Handan, chukua na wewe, chakula hukukigusa. Kula mwanangu, cha kuagana huliwa kitamu."

Handan akachukua moja, akaitia mdomoni. Alitafuna kwa sababu mama yake alikuwa anamtazama.

Hapo ndipo Bi Seher alipoanza kulia. Alilia kama watu wanaocheka sana wanavyolia, bila kujizuia. Mume wake alikwisha kufa, alisema, Sibel ameolewa Ankara, sasa na huyu aende huko mwisho wa dunia, yeye abaki na nani, na kuta? Alimshika Haluk mkono wa shati, Haluk akapiga magoti mbele yake. Kisha Bi Seher akamgeukia Handan, akamnyooshea mkono mwingine.

"Handan, mwambie! Wewe ndiye anayekusikiliza. Tangu utoto wenu hajawahi kukukatalia kitu. Mwambie asiende!"

Wote wakamgeukia. Nyuma yao filimbi ya mlinzi ikalia tena, mtu mwingine ameingia kwenye maua. Haluk aliinua macho akamtazama Handan, na Handan akaona kwamba ni kweli: akisema neno moja tu, atabaki. Atabaki ghorofa ya chini, atapanda ngazi kila Ijumaa kula kwao, atamletea mama mkate, na yeye atakuwa anasikia nyayo zake kila siku ya Mungu, mpaka siku Handan atakapoletewa mchumba mwingine, na Haluk ndiye atakayemfungulia mlango. Alitaka kulisema neno hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Utamu wa chokoleti ulikuwa bado ulimini.

Akaushika mkono wa Bi Seher, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake.

"Mwache aende, mama," alisema. Bi Seher, kwa kilio, hakusikia kwamba hakuitwa mama mdogo.

Kisha akamgeukia Haluk, mbele ya wazee wote, akasema kwa sauti ile ile aliyoitumia asubuhi nzima.

"Nenda salama, kaka."

Haluk hakukohoa.